Mama Alikataa Paini

Kazi yangu ni kukata mbao vipande vyembamba, vingine vidogo kuliko ukucha wa mtoto, na kuvipachika ubavu kwa ubavu mpaka vinakuwa picha. Sipaki rangi. Weusi wa nywele ni mpingo, wekundu wa udongo ni mninga, na ukungu wa asubuhi ni msaipresi uliopigwa msasa mpaka ukateleza kama sabuni. Kazi ikikamilika unapitisha kiganja juu yake wala huhisi mahali kipande kimoja kinapoishia na kingine kinapoanzia. Pwani kazi hii inaitwa njumu, na imo kwenye viti na makasha ya watu wa zamani. Hapa Makambako njumu ni viatu vya kuchezea mpira. Nilipoliandika neno hilo kwenye mlango wa karakana, vijana walinijia wiki nzima wakitaja saizi za miguu yao, mpaka nikalifuta kwa msasa. Siku hizi mlango hauna maandishi, na anayenitafuta huelekezwa na kaka yangu.

Kaka anauza mbao ng'ambo ya uzio, kando ya barabara ya Songea. Hunipa masalia bure, na kwa ukarimu huo amejipa haki ya kuwa mhakiki wangu wa kwanza. Kila nikimaliza picha anakuja, anaishika kingo, anaiinua kupima uzito, anaigeuza kutazama mgongo, kisha anauliza, "Miguu iko wapi?"

"Haina miguu. Ni picha."

"Meza nzuri hivi unaining'iniza ukutani kama kalenda."

Mimi ni mwepesi wa hasira, hilo linajulikana, na kaka ndiye aliyenizoeza. Nimemweleza mara nyingi kwamba mbao inaweza kusema jambo, haikuumbwa kubeba sahani tu. Husikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote, halafu anasema angenipatia mteja leo leo kama ningetia miguu.

Nilipotengeneza uso wa mama, hakuuliza habari za miguu. Aliutazama kwa muda, akasema, "Sasa mama ataiona vipi?" Niliendelea kupiga msasa.

Mama yetu anaishi Matembwe, kwenye nyumba aliyoijenga na marehemu baba, na macho yalikuwa yanamwacha kidogo kidogo. Mwanzoni alilaumu moshi wa jikoni. Baadaye akalaumu umeme, kwamba taa za siku hizi hazina nguvu. Alitutambua kwa sauti na kwa mwendo, na akikosea alijifanya alikuwa anatania. Tulimpeleka hospitali, Ilembula, wakamwambia ni mtoto wa jicho, watamfanyia upasuaji na ataona tena, ila asikawie sana. Akashukuru, akawaombea wauguzi wote, akapewa tarehe, akarudi nyumbani. Tarehe ilipofika akasema ni msimu wa kuvuna viazi. Tarehe nyingine iliangukia mazoezi ya kwaya. Nyingine ikakuta ng'ombe anakaribia kuzaa. Ng'ombe akazaa, tukafurahi, kumbe tulifurahi mapema, maana sasa kulikuwa na ndama.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," kaka alimwambia.

"Nani kaficha? Kijiji kizima kinajua. Hata ndama anajua."

Ndipo nikapata wazo la kutengeneza uso wake. Nilitaka awe na kitu cha kutamani kukiona, na namjua, mama anapenda kutazamwa. Kwenye kwaya husimama mstari wa mbele ingawa ni mrefu kuliko wote walio nyuma yake.

Ngozi ndiyo iliyonihangaisha. Mninga una rangi nzuri lakini ukiukata unatoka laini mno, kama shavu la bibi harusi, na mama yangu ana makunyanzi halali aliyoyafanyia kazi. Mkongo ulikuwa na giza. Siku moja nikaona kwenye masalia ya kaka kipande cha paini chenye mistari iliyokaribiana, inayopinda kuzunguka fundo, na nikaliona shavu la mama pale pale. Paini ni nyeupe, ila kuna ujanja wake. Unatia mchanga mkavu kwenye kikaango, unaupasha mpaka unachoma kweli, kisha unachomeka ukingo wa kipande. Upande uliozama unaiva na kuwa wa kahawia, ulio nje unabaki mweupe, na katikati rangi inafifia taratibu hata shavu linaonekana kuvimba. Jirani aliyenikuta nikikaanga aliomba karanga. Nilimpa kipande cha paini kilichoiva, na tangu siku hiyo hajaomba kitu kwangu.

Picha ikaenda Njombe mjini, kwenye ukumbi ambao wasanii wachache tuliupata kwa ajili ya maonyesho. Ilikuwa baridi ya kwetu, ya watu kuvaa makoti ndani ya nyumba. Nimesikia kwamba kwingine mtu akisimama mbele ya picha hurudi nyuma kidogo, akainamisha kichwa, akafikiri. Watu wetu wanasogea mbele. Karibu sote tumesomeshwa na miti. Baba anakata shamba la paini, mtoto anaingia kidato cha kwanza. Kwa hiyo walikwangua kwa ukucha, wakagonga, wakanusa, na mabishano yakaanza kama ile nyekundu ni mkongo au mninga. Mzee mmoja mwenye koti la mvua alisimama kwa muda mrefu mbele ya picha yangu ya mashamba ya chai. Nikajua huyu sasa ndiye mtazamaji niliyekuwa namngoja maisha yangu yote, nikamsogelea.

"Huu msaipresi," akaniambia, "uliukata haujakomaa."

Nilimshukuru kwa meno tu.

Mama alifika na kaka, amevaa kitenge cha kwaya na koti juu yake. Nilimshika mkono, nikampeleka mpaka mbele ya uso wake mwenyewe, uliokuwa mkubwa kuliko mlango wa kabati. Watu wakatupisha. Walikuwa wanamtazama yeye, halafu picha, halafu yeye tena, na mimi nilikuwa nimejaa fahari mpaka masikioni. Akanyoosha kiganja. Akalipata shavu, akalipapasa, akatikisa kichwa kidogo, nikadhani ameguswa moyoni. Kisha akakwangua kwa ukucha. Kisha akasogeza pua.

"Paini," akasema.

Hakupaza sauti, lakini ukumbi ule ni mdogo na sauti yake ni ya mstari wa mbele.

"Ndiyo, mama, ila nimeikaanga ili..."

"Umenitengeneza kwa paini."

Kwetu paini ni dari na ni jeneza. Mtu akifariki, asubuhi wanaume wanakwenda kutafuta mbao, na mbao wanazorudi nazo ni hizo. Mimi, mtoto wa Matembwe, dada wa muuza mbao, nilikuwa nimechukua uso wa mama yangu mzazi, mgonjwa anayesubiri kupasuliwa, nikauweka kwenye mbao za jeneza, halafu nikamwalika aje anuse. Nilikuwa nimeangalia mistari, sikufikiria kabisa mti. Kosa la namna hiyo mtu wa Dar es Salaam hawezi kulifanya hata akijitahidi. Kwake paini ni paini. Lazima uwe wa kwetu, na uwe umejisahau kwa kujiona msanii.

Kaka, kwa kukosa pa kuangalia, aliangalia dari. Dari nayo ilikuwa ya paini.

Njiani kurudi mama alitoa uamuzi, akiwa ametazama mbele kana kwamba anaiona barabara. Hawezi kwenda kulala kwenye kitanda cha upasuaji huku mwanawe ameshamwandalia sanduku. Nimtoe kwanza kwenye ile paini, halafu tutazungumza habari za Ilembula. Kaka aliniangalia kwenye kioo cha gari kwa jicho ambalo sikulipenda. Tarehe mpya ilikuwa inakaribia, na safari hii viazi vilikuwa vimeshavunwa, kwaya imepumzika na ndama ameshakua. Sababu pekee iliyobaki duniani nilikuwa nimeitengeneza mimi, kwa mikono yangu, na kuikaanga.

Wiki ile nilikwenda Matembwe kujadiliana naye jikoni. Tulizungumza Kibena, na Kibena cha mama kikikataa kitu kinakikataa na ukoo wake.

"Basi nitakutengeneza kwa mninga," nikasema.

"Mninga umewahi kuuona shambani kwetu? Mimi si mgeni hapa."

"Mparachichi."

"Huo umekuja juzi. Watu watasema mama yako naye amekuja juzi."

"Mlingoti," nikasema, ule ambao wengine wanauita mkaratusi.

"Unakunywa maji ya majirani."

"Mama, nikutengeneze kwa mti gani basi?"

Alifikiri, akasukuma kuni ndani zaidi mekoni. "Mwati," akasema.

Nikamwambia mwati nao ulikuja na wazungu. Akanijibu kwamba yeye alipoolewa hapa aliukuta, na uliyemkuta ukifika nyumbani ndiye mwenyeji wako. Akanieleza habari ambazo nilizijua nusu nusu. Alipokuwa bibi harusi alishinda porini na baba wakibandua magome ya mwati kwa ajili ya kiwanda cha dawa ya kutengenezea ngozi za viatu. Mikono yao ilikuwa ya kahawia mpaka kwenye viwiko, na hata Jumapili kanisani, baada ya kusugua kwa sabuni na mchanga, ulimjua mtu wa mwati kwa vidole vyake. Magome yalijenga nyumba. Mti uliobaki ulipika. Hakuna aliyewahi kuutazama mwati akasema ni mzuri, ni kuni, na hata mimi sikuwahi kuutia kwenye kazi yangu. Aliinuka, akaenda kwenye rundo la kuni nyuma ya nyumba, akagusa gogo moja baada ya jingine, akanichagulia moja.

Gogo lile lilinitesa. Mwati ni mgumu, na ukiupasua mwembamba unataka kupasuka tena popote unapojisikia. Nilivunja nyembe za msumeno wa uzi mpaka nikawa nautolea maneno ambayo mtu wa kanisani hayatamki. Lakini ndani ulikuwa na rangi ambayo sikuitarajia, kama chai ya maziwa iliyokolea, na ulipoingia kwenye mchanga wa moto ulitoa wekundu wa mtu aliyetoka kupiga jembe. Mistari yake haikuwa mizuri kama ya paini. Ilikatika, ikapinda, ikaanza upya mahali pengine. Nilifuata ilikotaka kwenda, kwa sababu nilipoilazimisha ilipasuka. Kila jioni nilimtazama mama kwenye picha ya simu niliyompiga akiwa hajui, nikarudi kwenye mbao. Kaka alipita, akautazama uso mpya, akatoka bila neno, na akitoka bila neno maana yake nisibadilishe kitu.

Niliubeba mpaka Matembwe, umefungwa kwa kitenge. Mama akaupapasa, akakwangua, akanusa.

"Mwati," akasema, na nilimwona amefurahi.

"Sasa Ilembula."

"Umeubandika kwa nini?"

"Kwa gundi, mama."

"Gundi," akasema, kama mtu aliyetajiwa mwizi. "Kitu cha gundi kinangoja mvua tu."

Hapo hasira ikanipanda, ya kwangu halisi, ile ambayo kaka hukimbia akiiona. Nikamwambia kwamba si paini, si gundi, si ndama wala viazi. "Unaogopa, mama. Sema tu unaogopa."

Kuku aliingia, akatutazama, akatoka.

"Naogopa," akasema. "Sasa hivi mtu akisimama pale mlangoni najua mtu amesimama. Sijui ni nani, lakini najua mlango hauko peke yake. Wakikosea, hata huo mlango sitaujua. Wewe unakata mbao iliyokufa, haipumui, haitikisiki, na bado unakosea. Wao wanakata jicho."

Hasira iliniishia, nikabaki na woga kama wake. Nikamwambia nami naogopa, kwamba nimeogopa tangu siku ya kwanza, na ndiyo maana nagombana na kila mtu. Kisha, kwa kuwa sikujua la kufanya, nikaanza kumweleza kile tulichoelezwa hospitalini na ambacho yeye siku ile hakutaka kukisikia. Ndani ya jicho kuna kama kijikioo. Chake kimeingia ukungu. Wanafungua mahali padogo, wanakitoa kile kilichoharibika, wanapachika kingine kisafi, kilichotengenezwa kwa kipimo chake, mahali pale pale. Katikati ya maelezo nikajisikia ninachokisema, na mama naye alikuwa ameinua kichwa.

"Ni kazi yako hiyo," akasema.

"Ni kazi yangu. Ila kipande chao ni kidogo zaidi, na hawatumii masalia ya kaka."

"Na wao wanatumia gundi gani?"

Nilikuwa na namba ya muuguzi aliyekuwa anatupangia tarehe zile zote tulizoziacha, nikampigia hapo hapo jikoni. Nilipomuuliza swali la mama alicheka kwanza, tena sana, halafu akajibu vizuri. Hakuna gundi. Kijikioo kina vishikio vyake vidogo, kinakaa chenyewe, jicho lenyewe ndilo linalokishika.

Nilimrudishia mama maneno hayo neno kwa neno.

"Hakuna gundi?"

"Hakuna."

"Kinakaa chenyewe."

"Kinakaa chenyewe, mama."

"Basi huyo daktari ni fundi," akasema, na akaniambia nimtafutie sweta lake la safari. Ndama hakutajwa.

Siku ya upasuaji nilikaa kwenye benchi nje na mikono yangu haikujua pa kukaa. Nimezoea kushika kitu. Nilimwahidi Mungu kwamba nitaacha hasira, ahadi ambayo nadhani aliipokea kwa tabasamu, kwa kuwa dakika chache baadaye nilimfokea kaka kwa kuniletea chai isiyo na sukari. Walipomtoa, amefunikwa jicho la kulia, alikuwa anamsimulia mhudumu habari za kubandua magome. Usiku ule sikulala sana, na najua naye hakulala, kwa sababu kila nilipogeuka aliniuliza kama kumekucha.

Asubuhi muuguzi alimfungua bandeji. Mama alipepesa jicho, machozi yakamtoka, akapepesa tena. Alianza na dirisha. Akalitazama kwa muda mrefu, kama kwamba nje ya dirisha la wodi kuna harusi. Kisha akamtazama muuguzi, akamuuliza kama kweli shule amemaliza. Kisha kaka.

"Umenenepa," akamwambia.

Kisha akanigeukia mimi. Aliniangalia nywele, paji la uso, mikono, akarudi usoni. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa lolote isipokuwa kuangaliwa.

"Nani alikupa ruhusa ya kuzeeka?" akasema.

Nilicheka, na nikiwa bado nacheka nikajikuta nalia, na kaka naye akaenda kutazama lile dirisha.

Picha tulikuwa tumekuja nayo. Kaka alisisitiza, na safari hii sikubishana naye. Nikaifungua kitenge, nikaisimamisha miguuni pa kitanda. Mama akainama mbele. Kwa mara ya kwanza hakunyoosha mkono wala hakunusa, alitazama tu. Kioo cha mwisho alichojiona ndani yake vizuri kilikuwa cha miaka mingi nyuma.

"Hujanitengeneza mimi," akasema.

Na ile ahadi niliyompa Mungu ikayeyuka hapo hapo, maana nilifikiria nyembe zote zile na mwati wote ule. "Mama, ni wewe."

"Huyu si mimi. Huyu ni mama yangu." Alionyesha kwa kidole bila kugusa. "Mdomo huo, ndivyo alivyokuwa akitaka kukukatalia jambo. Na hapo chini ya jicho." Akasogeza uso karibu. "Alikufa hujazaliwa. Hatukuwa na picha yake hata moja. Umemjulia wapi?"

"Nilikuwa nakuangalia wewe, mama."

Alinyoosha mikono, nikampa, akaipakata mapajani na kuendelea kuitazama. Muuguzi aliporudi na dawa za matone akamsimamisha kidogo kwa mkono, kwamba angoje. Na tulipoitwa kwenda kwenye gari, kaka alitaka kuibeba, mimi nikataka kuibeba, akatukatalia wote wawili.